Dirisha Lililopigiliwa Misumari

  Nawasalimu mlio hapa Ogembo mjini, mlio Tabaka kwenye machimbo ya mawe, Kenyenya, Nyamache, Etago, na jirani zetu wa upande wa Nyamira. Najua saa hii kuna mama aliye katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, redio ya simu ikilia mfukoni. Kuna kijana anayesubiri abiria kwenye steji ya boda boda. Karibuni. Na wewe omogaka, mzee uliyebaki nyumbani, sogeza redio karibu, kwa sababu maneno ya leo yanahusu hapo hapo ulipoketi.

Leo tunazungumza juu ya kifua kikuu, yaani TB. Mmeshasikia mengi kuhusu ugonjwa huu. Funika mdomo ukikohoa, nenda ukapimwe, meza dawa mpaka uzimalize. Maneno hayo ni ya kweli, na nitayarudia kabla hatujaagana. Lakini nataka nianze mahali ambapo matangazo mengi hayafiki. Nataka nianze na dirisha la chumba unacholala. Je, linafunguka?

Nauliza kwa sababu vyumba vingi vya kupanga hapa mjini tunavijua. Futi kumi kwa kumi, mabati juu, mara nyingi mabati hata ubavuni. Dirisha ni kibao kidogo kilichopigiliwa misumari kwa ndani, na juu ya kibao kuna gunia. Mlango ukifungwa saa mbili usiku haufunguliwi hadi alfajiri. Ndani kuna kitanda kimoja, leso iliyotundikwa kama pazia, na nyuma ya leso jiko, mitungi ya maji, na godoro la watoto linalokunjwa mchana na kutandazwa usiku. Watu watano, pengine sita, wanapumua hewa ile ile usiku kucha.

Simlaumu mpangaji hata kidogo. Wezi wapo. Baridi ya huku kwetu tunaijua, hasa mwezi wa Julai. Na wengi tumelelewa tukiambiwa kwamba upepo wa usiku ndio unaoleta kikohozi. Lakini kuhusu TB, ndugu zangu, mambo ni kinyume. Hewa iliyofungiwa ndiyo inayoleta kikohozi hiki.

TB inapitaje kutoka kwa mtu hadi mtu? Haipiti kwenye kikombe. Narudia, haipiti kwenye kikombe, wala sahani, wala kwa kusalimiana kwa mkono. Inapita hewani. Mtu mwenye TB ya mapafu ambaye hajaanza dawa akikohoa, akiimba, hata akizungumza, hutoa matone madogo mno ambayo jicho haliyaoni, na ndani yake mna viini. Fikiria moshi wa kuni. Ukipika nje, unapanda na kupotea. Ukipika ndani umefunga mlango, baada ya muda mfupi macho yanachuruzika. Viini vya TB hufanya vivyo hivyo, ila hivi havichomi macho, kwa hiyo hakuna anayekimbilia kufungua mlango.

Jambo hili lilithibitishwa katika miaka ya 1950 na ya 1960 huko Baltimore, Marekani. Daktari Richard Riley na wenzake walichukua hewa kutoka wodi ya wagonjwa wa TB, wakaipitisha kwenye mabomba hadi chumba cha juu walikofuga wanyama wadogo wa maabara. Wanyama wale hawakumwona mgonjwa hata mmoja. Hawakuguswa, hawakula chakula cha mtu yeyote. Walipewa hewa tu. Na waliambukizwa. Wenzao waliopelekewa hewa ya wodi ile ile baada ya kumulikwa na mwanga mkali wa urujuanimno, mwanga wenye nguvu ya kuua viini, walinusurika.

Basi wapenzi wasikilizaji, tusafiri kidogo, twende nyuma zaidi ya miaka mia moja, halafu turudi Ogembo. Twende Uingereza, enzi ya Mfalme Edward wa Saba, kuanzia 1901 hadi 1910. Hiyo ndiyo Uingereza iliyokuwa ikitawala sehemu kubwa ya dunia, pamoja nasi. Lakini ndani ya miji yake, TB ilikuwa ikiua watu kwa wingi wa kutisha, hasa vijana na wazazi walio katika umri wa kufanya kazi. Viini vyenyewe vilikuwa vimeshajulikana. Robert Koch alivitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na ndiyo sababu kila mwaka siku hiyo tunaadhimisha Siku ya TB Duniani. Adui alijulikana. Dawa haikuwapo.

Masikini wa miji ile waliishije? Chukueni Dublin, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Uingereza. Majumba makubwa ya matajiri wa zamani yalikuwa yamegawanywa chumba kwa chumba. Jumba lililojengewa familia moja na watumishi wake sasa lilijaa familia nyingi, wote wakichota maji kwenye bomba moja la uani na kutumia choo kile kile. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 1913 ulikuta familia zaidi ya 20,000 zikiishi katika chumba kimoja kimoja. Baba, mama, watoto, na mgonjwa anayekohoa, wote humo humo. Mnaona? Hayo hayakutokea Afrika.

Na kuna jambo lililonishangaza nilipolisoma. Uingereza ilikuwa imetoza kodi ya madirisha kwa zaidi ya miaka 150, hadi 1851. Kadiri nyumba yako ilivyokuwa na madirisha mengi, ndivyo ulivyolipa zaidi. Wenye nyumba walifanyaje? Waliziba madirisha kwa matofali. Mpangaji masikini akabaki gizani ili mwenye nyumba apunguziwe kodi. Hewa na jua vilitozwa ushuru!

Ng'ambo ya bahari, New York, mwandishi Ernest Poole aliandika mwaka 1903 juu ya mtaa mmoja wa masikini uliokuwa na TB nyingi mno, hata watu wakauita mtaa wa mapafu. Alieleza vyumba vya ndani kabisa ambavyo havikuwa na dirisha la kutazama nje. Miaka miwili kabla ya hapo, jimbo la New York lilikuwa limepitisha sheria ya nyumba za kupanga. Majengo mapya yalitakiwa kuwa na nafasi ya wazi na madirisha ya kuingiza hewa na mwanga, na choo ndani ya makao ya kila familia. Hiyo ilikuwa 1901, zaidi ya miaka arobaini kabla dawa ya kwanza ya TB haijapatikana.

Lakini mtu ninayempenda zaidi katika habari hizi ni Robert Philip, daktari wa Edinburgh, Scotland. Mwaka 1887 alifungua kliniki ndogo ya wagonjwa wa TB katika mtaa wa Bank Street. Mgonjwa alipokuja, Philip hakuridhika kumsikiliza kifua na kumwambia aende. Alituma watu nyumbani kwake. Walikwenda kuuliza: Mna vyumba vingapi? Mgonjwa analala na nani? Madirisha yanafunguka? Wenzake nyumbani wako salama? Kisha familia nzima iliitwa ikapimwe. Siku hizi, mhudumu wa afya ya jamii akija kwako na kalamu na daftari baada ya mtu wa nyumba yako kupatikana na TB, usimwone kama mpelelezi. Anafanya kazi iliyoanzishwa na Philip.

Nisije nikawasifu watu wa enzi ile kupita kiasi. Wengi wa waungwana wao walipenda zaidi kumhubiria mama masikini juu ya kutema mate na kufagia sakafu, kuliko kumuuliza mwenye nyumba kwa nini chumba hakina hewa. Walimpa mwanamke lawama, wakamwachia mwenye nyumba kodi yake. Naona hilo halikuwa haki wakati ule, na si haki tukilifanya leo.

Na sisi Abagusii, miaka hiyo hiyo, tulikuwa wapi? Hapo ndipo habari inapouma. Boma la Kisii lilianzishwa mwaka 1907. Januari 1908, mpiganaji wetu Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, na majibu ya serikali yalikuwa kuchoma nyumba zetu na kuchukua ng'ombe wetu. Mfalme aliyekuwa kwenye kiti ni huyo huyo Edward. Halafu ikaja kodi ya nyumba, iliyohesabiwa kibanda kwa kibanda. Ukiwa na nyumba nyingi, unalipa zaidi. Katika sehemu kadhaa za nchi watu waliamua kubanana katika nyumba chache ili wapunguze kodi. Je, hamsikii mwangwi wa yale madirisha ya Uingereza?

Kodi ililipwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mbali. Vijana wakaenda kutafuta vibarua kwenye mashamba ya wazungu, kwenye reli, baadaye kwenye chai ya Kericho, na Nairobi. Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Tauni ilipozuka katika soko la Wahindi mwaka 1902, wakuu walilichoma soko moto. Kuchoma kulikuwa rahisi kuliko kujenga. Na hata mji ulipokua, mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kama mtu asiye na mke wala mtoto. Alipewa nafasi ya kitanda, si nyumba. Ni mwaka 1954 ndipo kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilipokiri kwamba mshahara wa mfanyakazi ulipimwa kwa mtu mmoja asiye na familia, na kwamba jambo hilo lazima libadilike. Mnaelewa maana yake? Huko ng'ambo waliandika sheria za madirisha. Kwetu waligawa vitanda.

Mtu aliyepata TB kwenye nafasi ya kitanda alikwenda kuugulia wapi? Alirudi nyumbani, kwenye shamba, kwa mama yake.

Turudi sasa Ogembo ya leo. Mkoloni ameondoka, miaka zaidi ya sitini. Nani anajenga hivi vyumba? Ni sisi. Ni mimi na wewe, ni mjomba wako, ni mwalimu mstaafu aliyechukua mkopo akajenga vyumba kumi vya mstari mmoja. Mashamba yetu yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande, vijana wamekuja mjini kupanga, na ploti ni biashara nzuri. Sipingi biashara. Nauliza swali moja tu: chumba unachokodisha, ungelala ndani yake na watoto wako mlango ukiwa umefungwa?

Utafiti wa kitaifa wa TB uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016 ulikuta mambo mawili ambayo nataka mkumbuke. La kwanza, kulikuwa na wagonjwa wengi majumbani ambao hospitali haikuwa inawajua. La pili, wengi wa waliopatikana na TB hawakuwa na virusi vya Ukimwi. Nalisema hili polepole kwa sababu ya aibu. Wako wanaoogopa kwenda kupimwa kifua kwa sababu jirani atasema ana ukimwi. Wako wanaosema ni oborogi, yaani uchawi, au amasangia, laana ya uzinzi, wakamaliza ng'ombe kwa mganga huku mtoto anaambukizwa kitandani. Ni ugonjwa wa hewa. Unapimwa kwa makohozi na unatibiwa kwa vidonge.

Na kuhusu vidonge hivyo, tuna jambo la kujivunia. Zamani matibabu ya TB yalichukua mwaka mmoja na nusu, na sindano nyingi mwanzoni. Katika miaka ya 1970, wagonjwa na madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio makubwa pamoja na watafiti wa Uingereza, na ripoti ya kwanza ikatoka mwaka 1972. Walionyesha kwamba dawa zikichanganywa vizuri, rifampisini ikiwemo, miezi sita inatosha. Dunia nzima ikafuata. Ukimeza dawa zako kwa miezi sita leo, unatumia ujuzi uliotokana na wagonjwa wa Afrika Mashariki waliokubali kujaribiwa.

Sasa kuna msikilizaji atakayeniuliza: Kama dawa ipo na inaponya, wewe unatusumbua na madirisha kwa nini? Ni swali zuri. Kweli, mwaka 1959 watafiti wa Madras, India, walionyesha kwamba masikini aliyemeza dawa akiwa nyumbani kwake kwenye msongamano alipona sawasawa na aliyelazwa kwenye hospitali nzuri yenye chakula na hewa. Kwa hiyo usisubiri nyumba nzuri ndipo uanze dawa. Anza leo. Lakini sikilizeni tofauti. Dawa inamponya aliyeugua. Haimzuii mtu wa pili, wa tatu na wa nne kuvuta hewa ile kabla mgonjwa hajajulikana. Na kwa kawaida mgonjwa hukohoa kwa wiki nyingi, hata miezi, kabla hajafika hospitalini. Wiki hizo anazimaliza wapi? Kwenye kile chumba. Dirisha linafanya kazi wakati ambao daktari bado hajui jina lako.

Tuna Sheria ya Afya ya Umma katika nchi hii, tangu enzi za ukoloni. Sheria hiyo inahesabu nyumba yenye msongamano, au isiyo na hewa ya kutosha, kuwa kero ambayo mwenye nyumba anaweza kuamriwa kuiondoa. Lakini mwaka 2010, huko Kapsabet, sheria hiyo hiyo ilitumiwa kuwapeleka gerezani wanaume wawili walioacha kumeza dawa za TB. Walikaa jela zaidi ya mwezi mmoja. Gerezani, jamani, mahali pa msongamano kuliko ploti yoyote. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwafunga vile kulikiuka Katiba. Nimefikiria sana juu ya kesi ile. Tulipata nguvu ya kumfungia mgonjwa mlango. Nguvu ya kumfungulia dirisha tumeikosa kwa miaka yote hii.

Chakula nacho, nisikisahau. Wengi wanaovuta viini vya TB hawaugui, kwa sababu mwili unavizuia. Mwili wenye njaa hauviwezi. Mwaka 2023 matokeo ya utafiti kutoka jimbo la Jharkhand, India, yalionyesha kwamba familia za wagonjwa zilizopewa chakula cha ziada zilipata wagonjwa wapya wachache kuliko familia nyingine, kwa asilimia 39 hivi. Ilikuwa nafaka na dengu, pamoja na vidonge vya vitamini. Kwetu tunao uji wa wimbi, maharagwe, omena, mayai, mboga ya chinsaga. Tatizo ni miezi ile bonasi ya chai imekwisha na karo ya shule imedaiwa, mzazi anapolala njaa ili mtoto ale. Ukiwa na jirani anayemeza dawa za TB, mpelekee debe la maharagwe. Umewasaidia watoto wake kuliko unavyojua.

Na ndugu zetu wa Tabaka, wachongaji wa mawe, msilizoee vumbi lile. Mapafu yaliyojaa vumbi la mawe huumia, na penye kidonda TB hupata nafasi. Akina mama wanaosugua vinyago kwa msasa na maji wanafanya vyema, kwa sababu maji hulaza vumbi. Anayekata na kupasua akae nje, upepo ukimpuliza kutoka nyuma, na afunike pua.

Sasa yale niliyoahidi kurudia. Umekohoa wiki mbili au zaidi? Unatokwa jasho usiku mpaka shuka inalowa? Unakonda bila sababu, una homa za jioni, unatema damu? Hata moja tu kati ya haya inatosha. Nenda hospitali ya Gucha hapa Ogembo, au kituo cha serikali kilicho karibu nawe. Kupimwa TB na dawa zake ni bure. Utapewa kikopo cha makohozi. Toa makohozi kutoka ndani ya kifua, si mate ya mdomoni, na ukitolea nyumbani, tolea nje kwenye hewa. Ukianza dawa, utajisikia nafuu baada ya wiki chache. Usiache. Nasema tena, usiache, hata ukipata nguvu ya kulima.

Mgonjwa akiwa nyumbani katika wiki za mwanzo, alale peke yake ikiwezekana, karibu na dirisha lililo wazi. Mchana akae nje juani. Watoto wadogo wapelekwe wakapimwe, kwa sababu wao huugua haraka na mara nyingi hawakohoi sana. Msimtengee kikombe. Mle naye, nje, chini ya mgomba.

Na ninyi wenye ploti. Najua wengine mna msingi ulioshachimbwa mwezi huu. Fundi hajapandisha ukuta. Mwambieni aache nafasi mbili za hewa, moja kila upande wa chumba zikitazamana, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Juu karibu na mabati, acheni matundu yasiyofungika, mtie wavu kuzuia mbu. Kwenye dirisha tieni grili ya chuma, ili mpangaji alale limefunguliwa bila kuogopa mwizi. Gharama yake inalingana na kodi ya miezi michache ya chumba kimoja. Kwenye vyumba vya zamani, ng'oeni misumari. Na wewe mpangaji, chumba kikikosa hewa na mwenye nyumba akakataa kusikia, mwone afisa wa afya ya umma wa wadi yenu, au lilete kwenye baraza la chifu. Sheria iko upande wako.

Simu zetu ziko wazi kuanzia sasa. Wagonjwa mliopona, pigeni mtuambie mlivyofanya. Lakini mtu ninayemngoja wa kwanza ni mwenye vyumba vya kupanga hapa Ogembo. Piga, useme una vyumba vingapi, na vingapi vina dirisha linalofunguka.